Mkutubi mmoja, kazi zote

Wanaosomea ukutubi Chuo Kikuu cha Makerere hapa Uganda, ambako fani hii imefundishwa tangu 1963, wengi hutamani kubaki kwenye maktaba kubwa. Wana haki. Lakini nafasi huko ni za kuhesabu, na wengi huishia vyuo vidogo vya ualimu, uuguzi au biashara mikoani, ambako mkutubi ni mmoja, akibahatika na msaidizi.

Huko utafanya kila kitu: kuagiza vitabu, kuviorodhesha, kuviazimisha, kubandika gundi vilivyoachana jalada, na kufukuzana na wadaiwa mabwenini mitihani ikikaribia. Inachosha. Ila mwenzako wa maktaba kubwa anaweza kukaa miaka kaunta bila kugusa kazi ya kuorodhesha. Kwa anayeanza kazi, sioni shule nzuri kuliko hii.

Pia mambo hayasubiri kamati. Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, mkutubi wa chuo kidogo cha ualimu angeweza kutenga rafu ya Kiswahili siku hiyohiyo. Ya kuijaza ni habari nyingine.

Maana fedha ndipo penye kidonda. Vyuo vingine huikumbuka maktaba pale wakaguzi wa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu wanapotarajiwa. Ndipo maboksi ya msaada kutoka ng'ambo yanapofunguliwa: mwongozo wa kodi za Uingereza wa miaka ya themanini, kitabu cha kompyuta kinachofundisha matumizi ya disketi. Ukitaka kuviondoa unaambiwa viache, rafu zisionekane tupu. Mwanafunzi wa uuguzi anayetafuta vipimo vya dawa vya sasa anapita katikati ya vitabu hivyo bila kupata kitu.

Mtandao umepunguza tatizo. Programu ya Koha ya kuendeshea katalogi haina ada, na kupitia mpango wa Research4Life taasisi za nchi kama yetu husoma majarida ghali bure au kwa bei ndogo. Ila programu ya bure bado inataka umeme, seva na mtu anayeijua. Na kama chuo hakina intaneti ya kutosha, mwanafunzi anasomea kwenye simu kwa bando lake mwenyewe, ambalo tangu Julai 2021 linakatwa ushuru wa asilimia 12.

Kwa hiyo namshauri kijana akubali kazi hiyo. Chuo ndicho kinachojidanganya. Kinamsifu mkutubi wake kwa kuweza yote, kumbe nywila ya katalogi, orodha ya wadaiwa na mahali vitabu vilipo vyote viko kichwani mwake. Akiugua malaria, mlango unafungwa. Akipata mshahara mnono kwingine, anayemfuata anaanza upya. Vyuo hivyohivyo vina askari wawili wa kupokezana zamu getini. Sijasikia uongozi ukisema mmoja angetosha.