Feni, kiyoyozi, au bati: joto la Februari Dar

Majira ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, Dar es Salaam haipoi hata usiku. Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, usiku linashuka kidogo tu, na unyevu wa bahari hufanya jasho ligome kukauka. Ndipo unaporudi ubishi wa kila mwaka: tufunge kiyoyozi, au tuvumilie na feni?

Watetezi wa kiyoyozi siku hizi wana hoja mpya. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, la mashine tisa zenye megawati 235 kila moja, lilianza kutoa umeme Februari 2024. Umeme upo, wanasema, basi tulale. Wana pia hoja ya zamani ambayo wapenda feni huipita kimyakimya: kiyoyozi hupunguza unyevu chumbani, feni inapuliza hewa ileile iliyomo. Ukiwa ndani ya chandarua, hata huo upepo wake hukufikia umechoka.

Lakini umeme kuwepo si yuniti kuwa bure. Kiyoyozi kidogo cha chumbani, cha BTU 9,000, hula kama wati 800 kompresa inapozunguka. Kikiwaka muda wa saa nane kila usiku, hata ikipumzikapumzika, weka yuniti 4. Mwezi mzima 120. Kwa shilingi 356 kwa yuniti, bei ya kawaida ya nyumbani pamoja na kodi, hizo ni karibu 43,000. Feni ya wati 60, saa kumi kwa siku, humaliza yuniti 18 kwa mwezi: shilingi 6,400. Aliye kwenye bei ya watumiaji wadogo, shilingi 122 mradi asizidi yuniti 75 kwa mwezi, kiyoyozi peke yake kinamvusha mpaka.

Kwa hesabu, feni imeshinda. Ila mimi naona ubishi wenyewe umekaa pabaya, maana kinachotuchemsha ni nyumba. Bati lisilo na dari ni kikaango juu ya kichwa. Tofali za saruji hunywa jua mchana kutwa, kisha hulitema saa nne usiku, wakati nje kumeshaanza kupoa kidogo. Dirisha la aluminiamu la kusukuma, tunalolipenda kwa kupendeza, hufunguka nusu tu. Yale ya zamani ya vipande vya vioo yalifunguka yote. Halafu tunainua ukuta wa fensi hadi upepo wa kaskazi upite juu kwa juu, na tunakata mwembe ili tumwage zege uani.

Sisemi turudi kwenye makuti. Moto wa makuti si mzaha. Lakini dari yenye nafasi juu yake na matundu ya kutolea hewa ya moto, bati lililopakwa rangi nyeupe, na kivuli upande wa magharibi kwa ajili ya jua la alasiri, hulipiwa mara moja.

Hulipiwa na nani, sasa? Hapa ndipo hoja yangu inapochechemea. Wengi mjini ni wapangaji, na mwenye nyumba hanunui umeme wa LUKU wa chumba chako, kwa hiyo bati halimuumizi. Kumwambia mpangaji afungue madirisha usiku nako ni rahisi kwa asiyewajua vibaka na mbu wa mtaa wake. Mpangaji huyo, au mwenye kichanga au mzee mgonjwa ndani, akifunga kiyoyozi simlaumu. Akiweke nyuzi 26 na feni ikizunguka taratibu. Kukishusha hadi 16 hakupozi chumba haraka zaidi. Kompresa ya kawaida huzunguka kwa nguvu ileile, ila haijui isimame lini.

Na fundi akija, aulizwe boksi la nje litaelekea wapi. Kwenye vichochoro vya Manzese au Tandale, joto linalotolewa chumbani kwako linaishia dirishani kwa jirani mwenye feni.