Anayelipa Kibaha ametoka mwisho wa reli

Basi la Kigoma likiikaribia Morogoro, abiria huanza kukusanya mizigo kana kwamba wamefika. Wameshaipita Uvinza, Kaliua, Tabora na Manyoni, zaidi ya kilomita elfu moja. Kipande kinachochosha kuliko vyote ndicho bado: semitrela zimeshikana mikia hadi Chalinze, mizani ya Vigwaza, tochi za trafiki, kisha foleni ya Kibaha. Hapo mtoto aliyelala tangu Dodoma ndipo anapoamka kulia.

Kwa hiyo mpango wa barabara ya haraka ya kulipia kutoka Kibaha kupitia Chalinze hadi Morogoro, kilomita 205, si wa watu wa Dar es Salaam peke yao, ingawa mjadala mwingi ni wa wenye magari madogo. Sisi wa Kigoma hatuna njia ya mkato ya kuingilia mjini. Swali langu ni moja: pale njia mpya na ya zamani zitakapogawanyika, nani ataamua basi lishike ipi?

Abiria hataamua. Ataamua tajiri mwenye basi, naye nauli yake ina kikomo kinachopangwa kwa kilomita na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kama tozo haimo ndani ya kikomo hicho, itatoka mfukoni mwake, na dereva ataambiwa apite njia ya zamani. Ikiwekwa ndani, yule mama wa Kaliua anayekwenda Hospitali ya Muhimbili ataongezewa nauli atake asitake. Hili naona halijazungumzwa vya kutosha.

Faida nayo tuipime vizuri. Basi haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, hata lami iwe kama kioo. Kilomita 205 kwa mwendo huo ni saa mbili na nusu hivi. Basi halitapaa, ila litakwenda bila kusimama, na anayepanga safari atajua atafika saa ngapi. Kwa mwenye lori, hilo ni fedha. Lori likiokoa nusu siku kila safari linaweza kuongeza safari kwa mwezi, na pengine tozo ikawa nafuu kuliko dizeli inayoungua kwenye foleni. Dagaa wa Kibirizi wamekwisha kaushwa, wanaweza kusubiri. Ndizi haziwezi.

Wapo wanaosema tumekwisha lipa, kwa kuwa kila lita ya mafuta ina tozo ya barabara. Nawaelewa, hasa sisi ambao bei elekezi za mafuta za EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutuweka juu ya Dar es Salaam kwa sababu ya umbali. Lakini sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha za Mfuko wa Barabara ziende kwenye matengenezo, na matengenezo hayajengi barabara mpya. Upande wa pili unajibu kwamba mwekezaji akijenga Kibaha, fedha za serikali zitabaki kwa ajili ya lami ya mikoani. Hoja hiyo ndiyo inayonivuta zaidi, ila nitaiamini nikiiona kwenye bajeti.

Majirani wametutangulia. Uganda ilifungua barabara ya Kampala–Entebbe mwaka 2018, watu wakaipita bure hadi Januari 2022 tozo ilipoanza, na mtu akishazoea bure kumtoza ni kazi. Nairobi kuna somo kali zaidi. Barabara ya juu ya kilomita 27, iliyofunguliwa 2022, ilikuwa ikimtoza mwenye gari dogo shilingi 360 za Kenya kwa urefu wote. Januari 2024 ikawa 500, sababu ikitajwa kuwa thamani ya shilingi mbele ya dola. Lakini huko njia ya chini ipo, asiye na hela anashuka. Kwetu Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa 2016, mbadala wake wa karibu ni pantoni, nayo inalipiwa. Malalamiko yakawa mengi mpaka viwango vikapunguzwa 2022.

Mimi naiunga mkono barabara hii, kwa masharti. Njia ya zamani ibaki bure na itunzwe, isiachwe ioze ili watu wasukumwe kwenye vibanda vya malipo. Tozo ipangwe kwa shilingi, isifuate dola. Na LATRA itamke mapema nauli ya basi la mkoani itakuwaje.

Halafu kuna reli. Mkataba wa kipande cha SGR, reli mpya ya kisasa, cha Tabora–Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Treni hiyo ikifika, mzigo wa Burundi na Kongo unaopanda malori leo utahamia humo kwa sehemu kubwa, na mwekezaji wa barabara analijua hilo. Ndiyo maana ningependa kusoma kwenye mkataba wake nani atabeba hasara malori yakipungua: yeye, au basi letu lililobaki barabarani.