Mchina kanishushia bei ya gari

Nauza gari langu, na kila anayekuja kuliangalia ana wimbo uleule: "Kwa hela hiyo si naongeza kidogo nachukua jipya la Mchina?" Anapiga teke tairi, anachungulia buti, huyoo anaondoka. Miaka yote nimebadilisha oili kwa wakati, leo naonekana kama nauza chuma chakavu!

Na wala sibishi, magari yenyewe yanavutia. Kamera kila upande, skrini kama dirisha. Viwanda vya China vinatengeneza magari mengi kuliko soko la kwao linavyoweza kumeza, betri wanaunda wenyewe, basi ziada inamwagwa nje. Marekani mwaka 2024 ilipandisha ushuru wa magari ya umeme kutoka China hadi asilimia 100. Wanajua wanachokiogopa.

Ila jirani yangu aliyenunua lake kagongwa bampa kidogo tu, na huu ni mwezi wa pili anasubiri spea. Taa ya mbele imeshikiliwa na selotepu. Hata kuwasha feni lazima apapase skrini huku anaendesha. Nikimuuliza langu niliuze bei gani, anacheka.