Kiingereza cha Ukoko

Swali lilikuwa jepesi kuliko yote yaliyokuwamo katika somo la siku hiyo: umekula nini asubuhi? Kijana aliyekuwa upande wa pili wa skrini, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi katika chuo kikuu kimoja cha huku magharibi mwa Japani, alinyamaza, nami nikahesabu kimoyomoyo hadi kumi na moja. Nyuma yake niliona pazia la kijivu, sufuria ya umeme ya kupikia wali, na nguo zilizoanikwa mle chumbani, kwa kuwa ilikuwa Juni na mvua za huku mwezi huo hazimpi mtu nafasi ya kuanika nje. Hatimaye akasema kwa Kiingereza, neno mojamoja kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, kwamba amekula wali, ila si wali hasa, bali ule unaobaki chini ya sufuria ukakauka na kuwa wa kahawia, na kwamba hajui Waingereza wanauitaje. Kwa Kijapani, alisema, ni okoge.

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu, na kwa mujibu wa mkataba nilipaswa kumpa neno. Sikuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni ukoko, nikamwandikia pale kwenye ubao wa skrini, chini ya okoge, tukabaki tunayatazama maneno hayo mawili yaliyokaribia kufanana kama mapacha. Kisha tukatumia dakika zote zilizosalia kueleza, kwa lugha ambayo si ya mama yake wala ya mama yangu, nani nyumbani kwao huukwangua, nani nyumbani kwetu huugombania, na kwa nini ule wa kuni ni mtamu kuliko wa umeme. Hilo lilikuwa somo bora kuliko yote niliyowahi kufundisha, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Ninaishi Kobe kwa mwaka wa tano sasa. Nilipofika nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, viza yangu iliniruhusu kufanya kazi saa 28 kwa wiki baada ya kuombewa kibali, na baada ya miezi kadhaa ya kupanga mizigo usiku ghalani nikasikia kuwa kuna kazi ya kuzungumza Kiingereza na wanafunzi wa vyuo kupitia intaneti. Somo ni dakika 25. Mada ni za kila siku: hali ya hewa, wikiendi, kazi za muda, safari ya treni, mpishi bora katika familia. Mwanafunzi hupewa ukurasa wenye picha na maswali machache, nami huuliza, nasubiri, nasahihisha kidogo, nauliza tena. Wengi huingia saa nne au saa tano usiku, wakiwa wametoka kwenye kibarua cha dukani au mgahawani, na wengine huzima kamera kwanza hadi watakaponizoea.

Mwanzoni niliidharau kazi hiyo. Nilijiuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayelipa fedha ili aulizwe kama anapenda mvua. Kwetu Morogoro maswali ya namna hiyo ni porojo za kibarazani, tena huulizwa bure na jirani ambaye hata hukumkaribisha. Dharau hiyo iliniisha taratibu, na kilichoiondoa si kuwaelewa Wajapani tu, bali ni kuitazama upya shule niliyosoma mimi.

Hawa vijana si watu wasiosoma Kiingereza. Wamekisoma miaka sita ya sekondari bila kuhesabu shule ya msingi, ambako tangu mwaka 2020 kimefanywa somo rasmi kwa darasa la tano na la sita. Tatizo ni namna walivyokisoma, yaani kwa kalamu. Serikali yao ilipanga kuingiza vipimo vya kuzungumza vya taasisi binafsi katika utaratibu wa kuingia vyuo vikuu, ikauahirisha mpango huo mwishoni mwa 2019 baada ya malalamiko kwamba watoto wa vijijini na wa familia zisizo na fedha wangeonewa, na mtihani mpya wa taifa ulioanza Januari 2021 ukabaki kupima kusoma na kusikiliza. Halafu mwanafunzi anapokaribia kuajiriwa anakutana na TOEIC, mtihani ulioanzishwa huku Japani mwaka 1979 kwa ajili ya watu wa biashara: maswali 200, saa mbili, alama za juu 990, na katika toleo linalotumiwa sana mtu hutoka ukumbini bila kufumbua mdomo. Nimewahi kuwa na binti aliyepata zaidi ya alama 800 ambaye nilipomwomba anieleze habari za bibi yake alishikwa na kigugumizi hadi macho yakamlenga. Alijua maneno yote aliyoyahitaji, ila hakuwa ameyatumia hata siku moja kwa bibi.

Nilipomtazama binti yule nilijiona mwenyewe nikiwa kidato cha kwanza. Nilikuwa nimetoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili, na asubuhi moja ya Januari Bailojia, Jiografia na Hisabati zote zikageuka Kiingereza kana kwamba tulihamishwa nchi usiku tukiwa usingizini. Kabla mwaka haujaisha niliweza kueleza usanisinuru kwa kimombo, kwa kuwa nilikikariri kifungu chote pamoja na koma zake, lakini nisingeweza kumwambia mtu kwa lugha hiyo kwamba mchuzi umezidi chumvi. Tulipewa lugha ya maabara kabla ya lugha ya jikoni. Na aliyethubutu kuomba kalamu kwa Kiswahili ndani ya uzio wa shule alivishwa kibao cha mbao shingoni, akatembea nacho hadi amnase mwenzake mwenye kosa hilohilo amkabidhi. Mimi nilikaa nacho siku mbili nzima, kwa sababu wenzangu waliponiona nakuja walinyamaza. Ndivyo tulivyofundishwa kuzungumza Kiingereza: kwa kunyamaza.

Watu husema Mjapani na Mtanzania wanafanana kwa kuogopa Kiingereza, na mimi nakataa. Woga ni wa aina mbili. Mwanafunzi wangu wa hapa anaogopa kukosea mbele ya mtu, kwa hiyo huisuka sentensi yote kichwani kabla ya kuitoa, na ukimya wake huo huku si utovu wa adabu. Lakini hakuna anayemwona mjinga. Amesoma fizikia kwa Kijapani, ataandika ripoti zake kazini kwa Kijapani, na akiugua atamweleza daktari kwa Kijapani. Toshihide Maskawa, mmoja wa washindi wa Nobeli ya fizikia mwaka 2008, alitoa mhadhara wake kule Stockholm kwa Kijapani, na heshima yake haikupungua kwa lolote. Kwetu mtu wa namna hiyo angeshindwa kupenya kidato cha nne. Woga wetu ni woga wa kuonekana hatuna akili, kwa sababu tumekubali kwamba ung'eng'e ndiyo akili yenyewe. Mbunge akichapia Kiingereza, nchi nzima hucheka wiki nzima. Akichapia hesabu za bajeti, hakuna anayegeuza shingo.

Nitaongeza jambo dogo ambalo hunifurahisha sana katika masomo haya, ingawa huenda halina uzito. Kijapani, kama Kiswahili, kina irabu tano, na neno la kigeni likiingia huvishwa irabu kama mgeni anavyovishwa kanga. Basi letu kwao ni basu, shati ni shatsu, koti ni kooto, na keki ni keeki vilevile. Mwanafunzi akiona aibu kwa kusema Kiingereza chake chenye irabu nyingi, namwonyesha orodha hiyo, naye hucheka kwa mara ya kwanza. Kuna aliyeniambia kuwa anaishi kwenye mansioni, nikapigwa na butwaa nikidhani baba yake ni tajiri mkubwa, kumbe neno hilo, ambalo kwa Mwingereza ni jumba la kifahari, huku ni ghorofa la kawaida lenye vyumba vya kupanga. Nami nikamweleza kuhusu hoteli za kwetu, ambamo mtu hula chapati na maharage akashiba, lakini akiuliza kitanda ataonekana amechanganyikiwa. Na suala la herufi r na l, ambalo linawatesa kweli, nilimwambia asione yuko peke yake, kwa maana hata kwetu wapo wagombea wanaopanda jukwaani kuomba kura wakasikika wanaomba kula, na pengine hawajakosea.

Nisiipambe Japani kupita kiasi. Kampuni ya kwanza niliyoomba kazi hii ilinijibu kwa adabu kubwa kwamba wateja wake hupendelea walimu ambao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa. Ya pili ilinichukua, lakini kwa malipo ya chini kuliko ya mwenzangu kutoka Uingereza, aliyefundisha kurasa zilezile kwa muda uleule. Nililijua hilo kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia, akiwa amekereka kuliko mimi. Kila somo likiisha mwanafunzi hukupa nyota, na nyota zikipungua mwalimu huanza kuchekacheka asipopaswa kucheka. Hata hivyo, nimegundua kwamba wanafunzi hufunguka zaidi wakijua kuwa Kiingereza kwangu ni lugha ya tatu, baada ya Kiluguru na Kiswahili, na nadhani ndivyo ilivyo pia kwa walimu kutoka Ufilipino, ambao ni wengi mno katika biashara hii. Mtu aliyewahi kuzama ndiye anayejua mahali maji yanapoanza kina.

Lipo pia jambo la huzuni ambalo silipendi, nalo ni kununua maongezi. Baadhi ya vijana hawa, hasa waliohama mikoani wakapanga chumba kimoja mjini, hukiri kwamba hawajui kama ni Kiingereza wanachotafuta au ni mtu wa kuwauliza siku yao ilikwendaje. Kwetu salamu peke yake ingemaliza nusu ya dakika 25: za nyumbani, za kazi, watoto hawajambo, na mzee mguu wake unaendeleaje. Hapo sisi ni matajiri, na cha ajabu ni kwamba utajiri huo wote tunauacha getini mwanafunzi anapoingia kwenye kipindi cha Kiingereza, ambako hatumuulizi habari za nyumbani bali tunamuuliza wakati uliopita timilifu.

Nikisema haya kwenye makundi yetu ya simu, baba yangu mdogo hunijibu kwamba ndiyo maana wazazi wanauza mashamba ili wapeleke watoto kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza, na kwamba mimi nabeza ngazi baada ya kuipanda. Sipuuzi hoja hiyo. Lakini ngazi niliyoipanda nilikuta wenzangu wengi wameanguka kutoka kwenye vipago vya chini, na walioanguka hawakuwa wajinga: mmoja wao ndiye aliyenifundisha hesabu kwa Kiswahili chini ya mwembe, nikafaulu mimi akafeli yeye. Ningependa watoto wetu wafundishwe sayansi kwa lugha wanayoota nayo usiku, kama wanavyofanya hawa ambao magari yao tunayaagiza, na Kiingereza wapewe kama somo, kifundishwe vizuri, kikianzia kwenye uji, mvua, daladala na ugomvi wa ndugu. Katika Chuo Kikuu cha Osaka, treni moja au mbili kutoka kwangu, wapo Wajapani wanaosomea Kiswahili kwa shahada nzima. Sijasikia hata mmoja aliyevishwa kibao kwa kuomba kalamu kwa Kijapani.

Tangu mwaka jana nafanya jaribio la kifamilia. Kila Jumamosi, saa tatu usiku kwangu, ambayo ni saa tisa alasiri Morogoro, nampigia mtoto wa dada yangu aliyeko kidato cha pili. Mara ya kwanza nilipomuuliza kwa Kiingereza amekula nini mchana, aliganda, kisha akanijibu kwa Kiswahili kwa sauti ya kulalamika: "Mjomba, huu ni mtihani?" Nikamwambia si mtihani, na hakuna alama. Wiki ya tatu akasema amekula ugali. Wiki ya sita akaeleza kwamba ugali ulikuwa wa jana, na kwamba dada yake amemdhulumu samaki. Jumamosi iliyopita alitaka kuniambia kitu kuhusu kilichobaki chini ya sufuria, akakwama, akanyamaza, nami nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nilifika tisa, bando lake likaisha.