Breki, ngedere na kichwa cha khabari

Unguja haina reli inayofanya kazi tangu ile ya Bububu ilipofungwa miaka ya 1920, lakini khabari ya treni ya Bara huvuka bahari upesi kuliko boti. Na si umbea mtupu. Tangu treni ya umeme ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, wafanyabiashara, wanafunzi na wabunge wetu wakishuka bandarini Dar es Salaam huelekea stesheni. Treni ikikwama porini, pale Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe, sababu inapatikana kabla fundi hajafika.

Je, vyombo vya khabari navyo vikimbilie sababu, au vingoje wachunguzi?

Tuanze na ngedere. Mwaka huo wa 2024 Shirika la Reli Tanzania lilipoeleza hitilafu ya umeme iliyosimamisha treni, liliwataja ngedere na ndege. Watu wakacheka. Kitaalamu hapana kichekesho. Waya wa juu una volti 25,000, na kinachoutenga na chuma cha nguzo ni kikombe tu cha kuzuia umeme. Mnyama akishika waya huku mguu wake uko kwenye chuma, umeme unapita mwilini mwake kwenda ardhini, na swichi ya kituo cha kupozea umeme inakata mara moja ili nyaya zisiungue. Treni iliyo kwenye kipande hicho haina budi kusimama. Huko ni kinga kufanya kazi yake, na gazeti linaloandika "ajali ya treni ya mwendokasi" limepotoa.

Lakini jibu la kweli si lazima liwe jibu kamili. Ngedere hawakuhamia porini baada ya reli kujengwa, na vizuizi vya kuwazuia kupanda nguzo vinajulikana. Mwandishi aliyecheka na mwandishi aliyenakili taarifa wote wawili waliacha maswali yenyewe: ni kipande gani, umeme ulirudi baada ya dakika ngapi, na hii ni mara ya ngapi hapo hapo?

Penye vifo, haraka huharibu zaidi, na neno linalopendwa ni "breki zilifeli". Tarehe 24 Juni 2002, baina ya Igandu na Msagali mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilirudi nyuma, ikaporomoka hadi kugongana na treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Breki ya treni hutumia upepo, lakini haifanyi kazi kama wengi wanavyodhani. Bomba moja limepita chini ya mabehewa yote, na kwa kawaida hujazwa upepo wa kiasi cha bar 5. Kila behewa lina tangi lake. Dereva akipunguza upepo wa bomba, valvu hufungulia upepo wa tangi ukasukume breki kwenye magurudumu. Kwa hiyo bomba likikatika, treni hujifunga yenyewe.

Basi ukiambiwa "upepo uliisha", uliza uliishaje. Pengine koki baina ya mabehewa mawili ilifungwa, na yote ya nyuma yake hayapati amri ya dereva. Pengine dereva alikaza na kuachia mara nyingi mteremkoni, matangi yasiwahi kujaa tena. Au injini ilizimwa, kompresa ikasimama, upepo ukavuja pole pole. Hili la mwisho ndilo lililotokea Lac-Mégantic, Kanada, Julai 2013: breki za mkono zilizofungwa hazikutosha, treni ya mafuta ikateremka yenyewe usiku, wakafa watu 47. Njia hizo tatu zina wahusika tofauti, na anayeandika "breki zilifeli" saa mbili baada ya tukio amewaweka wote kapu moja.

Hoja ya wanaosema tusubiri ina nguvu hapo. Ila sisi Wazanzibari tuna sababu ya kutoiamini moja kwa moja. MV Spice Islander ilipozama usiku ikielekea Pemba, Septemba 2011, idadi ya abiria iliyotajwa mwanzo ilikuwa ndogo mno ukiilinganisha na ile ya tume ya uchunguzi. Lau waandishi wangekaa na karatasi ya mwanzo tu, wasiende kuhesabu kwa familia, kimya kingewafaa waliojaza meli.

Kwa maoni yangu, yanayoonekana yatangazwe papo hapo: mahali, saa, mabehewa mangapi yametoka relini, majeruhi wamepelekwa wapi. Sababu isubiri. Nayo picha ihakikiwe. Hata ya kwetu: ile ya injini ikipita mjini kwenda Bububu huzungushwa kwa jina la Sultan Barghash, naye alifariki 1888, reli ikajengwa kuanzia 1905. Yake ilikuwa ya Chukwani.

Kunabaki matukio ya kukosakosa, ajali iliyokaribia kutokea isitokee, na humo pande zote mbili, wanaotaka kuandika na wanaotaka kusubiri, zinanitia shaka. Ladbroke Grove, London, treni mbili ziligongana tarehe 5 Oktoba 1999, wakafa watu 31. Taa ya ishara SN109, ambayo dereva mmoja aliipita ikiwa nyekundu, ilikuwa imeshapitwa hivyo mara nane katika miaka isiyozidi sita. Angeandika mtu mapema, pengine ingehamishwa. Lakini dereva akijua kosa lake litakuwa gazetini kesho, litafia kwenye kibanda chake. Uingereza wameweka njia ya mfanyakazi kuripoti bila jina lake kutajwa. Kwa reli ya Bara ningetaka hivyo hivyo: majina yafichwe, lakini orodha ya kila mwezi itoke, ikionyesha kila taa iliyopitwa na kila kipande kilichokatika umeme, kwa kilomita yake.