Msitu wa ayala usio na mti

Ukiitazama ramani ya Nyanda za Juu za Uskoti, utakuta neno lenye maana ya msitu limetapakaa kila mahali: Msitu wa Atholl, Msitu wa Craiganour na mingine mingi. Fika huko sasa. Nyasi, vichaka vya magotini, mawe, upepo. Mti wa kutafuta kwa tochi. Neno hilo, kwa lugha ya wenye ardhi, halikuwa na habari na miti. Lilimaanisha eneo la bwana la kuwindia, na mnyama aliyewindwa ni ayala, mnyama mkubwa ambaye dume lake lina pembe za matawi, yuleyule wa Zaburi ya 42 anayeionea shauku mito ya maji.

Nimekuwa nikilifikiria neno hilo tangu nilipopanda Schiehallion, mlima wa mita 1,083 ulioko Perthshire, karibu na katikati ya nchi. Jina lake ni la Kigaeli na hufasiriwa kuwa mlima wa majini wa Wakaledonia, ingawa majini wa kule wana tabia nyingine kabisa na wa kwetu. Ukiutazama kutoka upande wa ziwa Rannoch ni pia iliyopinduliwa, ncha juu. Ukiuendea kutoka mashariki, ambako ndiko wengi huanzia, ni mgongo mrefu usiokwisha. Unaona kilele, unajikongoja, unafika, kumbe ni tuta tu na kilele kiko mbele. Sehemu ya mwisho ni mawe matupu yaliyorundikana, unapita ukiruka kama mbuzi asiye na uzoefu.

Mwaka 1774 mlima huu ulitumika kuipima dunia. Fundi mwashi anajua kwamba timazi hushuka wima kuelekea katikati ya dunia. Lakini kama mlima nao una mvuto wake, timazi inayoning'inizwa ubavuni itavutwa kidogo kuuelekea. Nevil Maskelyne, mwanaastronomia wa mfalme, alikaa hapo kwa miezi katika mvua na mawingu akipima nyota upande wa kusini na upande wa kaskazini, ili aone timazi imepotoka kiasi gani. Jibu lilikuwa kama sehemu 1 kati ya 300 ya nyuzi moja, kwa pande zote mbili zikijumlishwa. Kutokana na kachembe hako, Charles Hutton alikokotoa kwamba dunia ina uzito wa mara 4.5 ya maji ya ukubwa uleule. Leo tunajua ni 5.5. Ili ajue mlima wenyewe una ukubwa gani, Hutton alichukua rundo la vipimo vya kimo na kuunganisha kwa mistari sehemu zenye kimo sawa. Ndiyo, kontua. Zile zile zilizotutoa jasho kwenye mtihani wa Jiografia.

Kwa hiyo uzito wa Schiehallion umefanyiwa hesabu kwa miaka 250. Mlima ni wa kazi gani, hilo bado watu wanagombania.

Upande wa mashariki ulinunuliwa mwaka 1999 na John Muir Trust, shirika la hisani lililopewa jina la Mskoti aliyezaliwa Dunbar mwaka 1838, akahamia Marekani akiwa mtoto na kuwa mtetezi mkubwa wa mbuga za taifa huko. Walikuta njia ya zamani imekanyagwa hadi ikawa donda la matope linaloonekana kutoka mbali. Wakajenga nyingine, ikakamilika mwaka 2003, na donda likaachwa liote majani. Kwenye njia ni rahisi kukubaliana. Kwenye ayala sivyo. Shirika hili, pamoja na wengine wanaotaka misitu ya asili irudi, linasema ayala wamezidi na lazima wapunguzwe kwa bunduki, tena wengi. Wenye mashamba ya uwindaji na wafanyakazi wao wanaona huko ni kuua mnyama na kijiji kwa pamoja.

Niliyoyaona kwa macho yangu yanawapa wa kwanza nguvu. Kando ya njia, penye kijito, nilipiga magoti kukichunguza kitu nilichodhani ni gugu. Kilikuwa mche wa rowani, mti wa matunda mekundu ambao Waskoti wa zamani waliupanda mlangoni kuzuia uchawi. Shina lake lilikuwa nene kama kidole gumba changu, yaani si wa jana wala juzi, lakini kimo hakikufika gotini. Kila ncha ilikuwa imekatwa, na juu ya kila kovu kulikuwa na kichipukizi kipya kinachosubiri kuliwa msimu ujao. Mzee aliyefungwa kwenye mwili wa mtoto. Hatua chache juu, kwenye ufa wa jabali ambako hakuna kwato inayofika, rowani mwingine alikuwa amesimama mrefu kunizidi. Udongo ni uleule na baridi ni ileile. Kilichowatenganisha ni mdomo.

Hakuna wa kuuzuia mdomo huo, maana mbwa-mwitu wa mwisho wa Uskoti aliuawa zamani sana, karne ya 18 au kabla yake. Serikali inakadiria kwamba aina zote nne za ayala zilizopo nchini zimefika hadi milioni 1, kutoka nusu milioni hivi mwaka 1990. Mwaka 2023 ikaondoa msimu wa mapumziko kwa madume, kwa hiyo sasa yanaweza kupigwa risasi mwaka mzima. Na ayala mwenyewe hafaidiki na wingi wake. Kwa asili ni mnyama wa msituni. Wa mlima mtupu wa Uskoti ni mdogo kuliko ndugu zake wa misitu ya Ulaya bara, na majira ya baridi kali hufa kwa njaa na kukosa kificho. Huko Glenfeshie, kwenye milima ya Cairngorms, ayala walipopunguzwa sana misonobari ilianza kuota yenyewe bila uzio. Uzio ndio jibu la haraka la kila mtu, lakini ni ghali, ndege wazito kama kwale weusi huugonga wakafa, na ayala waliozuiwa huhamia kwa jirani.

Jirani huyo naye ana lake la kusema. Kwa sheria ya Uskoti ayala wa porini hana mwenyewe mpaka afe. Haki ya kumpiga risasi ndiyo inayokwenda na ardhi. Ukiwaua wote wanaoingia kwako, anasema, wangu watafuata nafasi uliyoiacha na kesho sina cha kumwonyesha mgeni aliyelipa awinde dume moja. Kwa miaka mingi bei ya shamba la namna hii imepimwa kwa idadi ya madume yanayouawa humo kwa mwaka. Ukiyapunguza unapunguza mali ya mtu, na hakuna anayekulipa fidia.

Hoja hiyo ya mali hainitoi machozi. Watu wasiofika 500 wanamiliki nusu ya ardhi yote ya vijijini iliyo mikononi mwa watu binafsi Uskoti, na wanapojitetea kwa mila huwa wanasahau tarehe. Kwanza wenyeji waliondolewa mabondeni kwa nguvu ili kondoo wapate nafasi, kati ya mwisho wa karne ya 18 na katikati ya ile ya 19. Kondoo wasipolipa tena, wakaletwa ayala, na familia ya malkia Victoria iliponunua Balmoral mwaka 1852 kuwinda kukawa fasheni ya kila tajiri. Mila hiyo ni changa kuliko hesabu ya Hutton.

Inayonigusa ni hoja ya mwajiriwa. Mwongoza wawindaji anaishi kwenye nyumba ya shamba. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha. Akihama na watoto wake watatu, shule ya bondeni yenye watoto kumi na kitu inaanza kuhesabu siku. Huyu ndiye anayejua ayala atalala wapi upepo ukigeuka. Alifundishwa kwamba mnyama akipigwa lazima abebwe, asafishwe, aliwe. Kwa hiyo mwaka 2015, habari zilipoenea kwamba John Muir Trust limeacha mizoga ya madume mlimani kwenye ardhi yake ya Knoydart, hasira za watu kama yeye hazikuwa maigizo. Shirika lilijitetea kwamba ni mbali mno kubeba nyama. Pengine kweli. Lakini sioni namna ya kumshawishi mtu wa kijijini kwamba unaupenda mlima huku umemwachia kunguru kilo kadhaa za nyama nzuri, katika nchi ambayo madukani kwake imewahi kuuzwa nyama ya ayala iliyosafirishwa kutoka New Zealand!

Kuna jambo jingine wapenda misitu hawalisemi kwa sauti. Wanaliita eneo hili pori. Kwenye mteremko wa Schiehallion kuna misingi ya vibanda vya mawe ambamo watu walikaa majira ya joto wakichunga ng'ombe na kukamua maziwa. Bonde hili limekuwa tupu kwa sababu lilifanywa tupu. Kulirudishia miti bila kusema neno juu ya watu ni kusimulia nusu ya hadithi, na shirika lenye wanachama wengi wasioishi huko, hata likiwa na nia njema, bado ni mwenye ardhi anayeamua akiwa mbali.

Bado nasimama upande wa kupunguza ayala, na sababu yangu kubwa iko jirani kabisa na mlima huu. Kilima cha Dun Coillich, kinachopakana na Schiehallion upande wa mashariki, kilinunuliwa mwaka 2002 na chombo cha wakazi wa eneo hilo wenyewe. Hawakuwa na mgeni wa kumridhisha wala bei ya dume la kulinda, na walichochagua kufanya ni kupanda miti ya asili. Iwapo watu wa pale wakiachiwa uamuzi wanafika palepale wanapofika watu wa mazingira, basi mvutano huu wa mji dhidi ya kijiji umekuzwa kupita kiasi. Kinachobaki ni jinsi ya kuifanya kazi. Kupunguza ayala kwa kasi kunahitaji wawindaji wengi kuliko sasa, kwa miaka mingi, na waajiriwe hao hao wanaoijua milima, nyumba zao zikiwa salama kwa mkataba na si kwa fadhila. Nyama ishushwe. Baada ya miaka 20, wanyama wakiwa wachache, kazi hiyo itapungua, na hapo sijaona mpango wa mtu yeyote unaoniridhisha.

Nilishuka jioni, mwezi wa kumi, wakati ayala wanapandana. Nikiwa nimebakiza kama nusu saa kufika kwenye maegesho ya Braes of Foss, dume likanguruma mahali fulani kwenye ukungu, sauti kati ya ng'ombe na injini inayokataa kuwaka. Wapandaji wote njiani tulisimama. Likanguruma tena, likajibiwa kutoka upande wa pili wa bonde. Nilikuwa na tope la kwenye ule mche bado magotini, na nilisimama pale mpaka likanyamaza.