Kengele ya Mabatini

Shemeji yangu ana manati, lakini ndege hawagusi. "Viumbe wa Mungu hao," husema. "Tutafute shabaha inayojibu." Basi Jumamosi hiyo tukapanda nyuma ya nyumba, kwenye majabali ya Mabatini, hapa Mwanza, na manati yetu ya tawi la mpera na mpira wa tyubu ya baiskeli.

Chupa nilizikataa mapema. Watoto wa huku wanapita pekupeku. Kopo la maziwa tulilitia changarawe ili lipige kelele. Lilipiga kweli, ila kopo halina fadhila: ukilipata linabingirika hadi kwa jirani wa chini, na Mabatini jirani wa chini yuko chini kwelikweli. Tukajaribu puto lenye unga wa muhogo. Mchana upepo unavuma kutoka ziwani, kwa hiyo lilipopasuka unga wote ukamrudia shemeji usoni. Nilicheka hadi nikakaa.

Risasi zetu zilikuwa vidonge vya udongo wa kichuguu vilivyokaushwa juani. Jiwe ukikosa linagonga jabali na kukurudia mwenyewe; kidonge kinakuwa vumbi.

Ndipo shemeji akaibuka na rimu kuukuu ya daladala, tukaining'iniza kwa waya mwembeni. Hiyo ndiyo shabaha! Haianguki, haisimamishwi upya, na ukiipata inaimba: ngoooo!

Hapohapo tukasikia madawati yakiburuzwa bondeni. Watoto wa tuisheni hao, wamemwagika nje! Kumbe na kengele yao ni rimu. Mwalimu akawarudisha ndani kwa taabu. Shemeji, bado anafuta unga machoni, hakuona lolote, akapiga tena. Wakatoka tena, safari hii na mabegi.

Mwalimu akatupandia, anahema, chaki mkononi.

"Shikamoo mwalimu," tukasema kwa pamoja, sisi na ndevu zetu.

"Marahaba. Nani kapiga kengele?"

Shemeji akamkabidhi manati bila neno. Mwalimu akaigeuzageuza, akavuta mpira, akaguna. "Huu upande mfupi, huu mrefu. Mtapataje kulenga sawa?" Akaketi juu ya jabali, akafungua fundo, akalikaza upya kwa meno. Kisha akatia kidonge, akafumba jicho moja.

Ngoooo!

Bondeni wakashangilia, wakashika njia za makwao. Mwalimu akawatazama wakipotea kati ya mawe.

"Hata hivyo hesabu za sehemu zilishawashinda," akasema. "Lete kidonge kingine."